Saa Moja ya Kaisho

Kayonza, Rwanda

Baba Koku,

Mwanaume mzima mwenye mvi, mzee wa kanisa, unakwenda kukaa kwenye benchi la dukani kila jioni kama mtu asiye na mlango wake! Huna haya? Jua linazama, mkeo yuko ng'ambo ya mto, na wewe umeshika kikombe cha mwanamke mwingine kwa mikono miwili, unapuliza chai. Usiniulize nimejuaje. Kaisho yetu haijaweza kuficha jambo tangu nizaliwe, itaanzia kwako?

Salamu zipo, zitakuja. Nimeziweka nyuma kwa makusudi, maana nikianza na hujambo utafikiri nimetulia. Sijatulia.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Koku alitaka kuniandikia, nikamwambia mwanangu niachie kalamu, darasa la nne langu linatosha kumgombeza mume wangu. Na kwa simu sitaki. Wewe simu unaiweka sauti kubwa, jirani anasikia, ng'ombe wanasikia, na siku hizi labda Bi Salma wa dukani naye anasikia. Karatasi haina kipaza sauti. Isome peke yako, ndani, umekaa.

Sasa nijibu. Siku ile naondoka, begi liko mlangoni na pikipiki inanguruma uani, ulisema nini? Ulishusha kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile niliyoichemsha mwenyewe na majani yake nikaianika, ukanijazia mfuko. Ukachukua tunda moja ukalipasua kwa meno, punje moja ukala, moja ukanipa, kama tulivyofanya kila jioni tangu uliponileta kwenye kibanja hicho cha migomba nikiwa msichana. Ukasema, "Mama Koku, huko uendako, saa moja jioni ikifika pasua kahawa. Na mimi nitapasua hapa. Punje moja ule, ya mwenzako uweke kwenye kopo. Tutakuwa tumekaa pamoja."

Nikakwambia, "Wewe utasahau."

Ukacheka. "Nisahau kahawa? Labda nisahau jina la baba yangu."

Haya. Jina la baba yako bado unalikumbuka?

Maana mimi nimefanya kama ulivyosema. Kopo langu linatoa sauti nikilitikisa. La kwako linasemaje? Au liko tupu, limewekwa maua na Bi Salma?

Nikueleze nilivyopata habari, ili usije ukamlaumu mtu asiyehusika. Anayehusika ni dada yako, Ma Justa. Alinipigia mwenyewe, eti kunijulia hali ya magoti.

"Wifi, magoti yanaendeleaje?"

"Yanakaa na mimi. Kaka yako hajambo?"

"Hajambo sana. Amenenepa."

Baba Koku, nilikuwa nimesimama nikakaa. Mke hayupo, mume amenenepa! Nikamuuliza, "Amenenepa kwa chakula cha nani?"

Akasema, "Wifi, mimi simo."

"Kama humo ulinipigia ya nini? Sema."

"Mimi nilipita tu kununua chumvi. Saa moja jioni ukimtaka kaka, nenda kwa Bi Salma. Yuko pale kwenye benchi, chini ya ile saa ya ukutani. Kila jioni."

"Na kahawa? Anatafuna kahawa?"

"Kahawa sijaona. Nimeona chai ya tangawizi. Na juzi, wifi, nimeona senene."

"Senene?"

"Kwenye sahani ya maua."

Mawe, mama wee! Senene, Baba Koku! Senene mtu hukaangiwa na mke wake. Mama yangu alimkaangia baba yangu, mimi nimekukaangia wewe kila msimu, nikiwa na mimba, nikiwa na malaria, mwaka ule nimevunjika kidole nikawanyonyoa kwa mkono mmoja. Leo unaletewa senene na mtu wa Tanga! Mtu wa Tanga anajua nini juu ya senene? Mbawa alitoa? Miguu alitoa? Au ulikuwa unatafuna na kutema huku unasema ni watamu?

Sisemi Bi Salma ni mtu mbaya. Mama yangu alipofariki alileta sukari kabla hatujaomba, nakumbuka. Mjane wa watu, anauza dukani kwake, anaswali swala zake. Lakini ule mdomo! "Karibu bwana mkubwa, jongea huku kuna upepo." Upepo gani wa Kaisho unaopatikana dukani kwake tu? Kiswahili chake kimekaangwa kwa tui la nazi, na wewe ukikisikia unacheka na meno ambayo hayapo. Mimi changu ni cha kuchongwa kwa panga, Kinyambo kinachungulia kila mahali, najua. Lakini ndicho kilichokuzalia watoto.

Na nikamwuliza Ma Justa la mwisho. "Huyo mama, akiwa amekaa naye, anatafuna kitu?"

Akasema, "Mdomo ulikuwa unakwenda, wifi. Sijui ni nini."

Basi. Punje yangu iko wapi, Baba Koku? Unajua uzito wake. Babu zetu walichanjana wakala undugu wa damu kwa kahawa hiyo hiyo. Uliyekula naye huwezi kumgeuka. Tunda moja, punje mbili, ndani ya ganda moja. Ya mke haigawiwi kama karanga.

Haya, sasa salamu.

Hujambo? Mgongo wako umepona, au huko dukani benchi lina mto? Ng'ombe yule mwenye baka amezaa? Migomba ya upande wa bonde umeitilia samadi kama nilivyokuagiza? Maharage yaanikwe kabla mvua haijarudi. Na ule mlango wa jikoni usiuache wazi, mbuzi wa jirani ana tabia mbaya kama baadhi ya watu.

Sisi huku hatujambo. Koku kidonda cha upasuaji wa uzazi kimefunga, anatembea, wiki ijayo anarudi shuleni kufundisha. Mtoto, Mugisha, ana mashavu kama ya kwako kabla hujazeeka. Analia kwa sauti ya kwetu kabisa, mpaka mkwe wetu anatoka nje.

Lakini nchi ya watu ni ya watu. Siku ile tunavuka mto mpakani kwa daraja la Rusumo sikujua kama juu ya daraja moja kunaweza kuachwa vitu vingi hivyo. Gari lilihama likaanza kwenda upande wa kulia, nikafumba macho nikamwomba Mungu. Nilipofumbua, dereva ananiambia, "Bibi, rudisha saa yako nyuma, huku bado." Bado nini? Nikatazama saa aliyoniletea Deo wetu, inasema saa nane. Nikatazama ya dereva, inasema saa saba. Jua ni lile lile, liko juu ya kichwa changu, halijasogea hata unywele. Nikamwambia, "Mwanangu, saa hii nimetoka nayo nyumbani kwa mume wangu, na itabaki ya nyumbani kwa mume wangu."

Na sijaigusa mpaka leo. Wakisema saa, wanasema "saa moya", "saa mbiri", maneno yetu yale yale. Maneno wameyachukua, saa yenyewe wakaiacha ng'ambo. Nilifikiri ni ubishi wao. Uganda tunavuka pale Murongo kwenda mnadani na kurudi, saa haiguswi, kumbe hawa wa huku wana ya kwao. Koku akanieleza: kwetu ukiamka saa kumi na mbili asubuhi unapapasa viatu gizani, huku saa kumi na mbili jua linatoka kama limeitwa kwa jina. Saa yao inakwenda na jua, yetu inakwenda na Dar es Salaam. Nilichukia. Mtu wa Kaisho asikie kwamba jirani ana saa nzuri kuliko yake! Lakini sikubadilisha.

Nimeumia kwa kiburi hicho, sikufichi. Jumapili ya kwanza nilitaka kwenda ibadani, wakaniambia ni saa moja asubuhi. Nikafuata saa yangu. Nikafika, kanisa limefungwa, mlinzi anapiga mswaki. Nikakaa kwenye ngazi na kitambaa changu kipya kichwani, watu wanapita wanafikiri ni mwombaji. Mmoja alisimama akaanza kupekua mfuko wake; nilimtazama kwa jicho ambalo unalijua, akaenda. Nimekuwa wa kwanza kanisani maisha yangu yote, lakini siyo kwa namna ile.

Na huku kuna mtu anafurahia makosa yangu. Ni Velediana, mama yake mkwe wetu, bibi wa pili wa Mugisha. Anakaa nyumba ya tatu tu kutoka hapa, na asubuhi nikiamka nimkute mtoto, namkuta yeye ameshafika. Mtoto akilia mimi nambeba, nambembeleza, namwimbia zile za kwetu zote, haachi. Velediana akinyoosha mgongo tu, kwisha, kalala. "Mukecuru," ananiambia, ndivyo wanavyowaita wazee kwa heshima, "mukecuru, pumzika, huyu amezoea mgongo wangu." Amezoea! Ana miezi mitatu, amezoea nini? Mimi nimepanda gari siku nzima, nimekuja na unga wa ulezi, samli na kahawa, nimekuta nafasi yangu imeshakaliwa. Juzi amesema mtoto anafanana na marehemu mume wake. Nikamwambia mashavu yale ni ya Kaisho, aende akaulize mtu yeyote.

Kwa hiyo elewa. Huku mgongo wa mjukuu umechukuliwa. Nikigeuka nyumbani, benchi la mume limechukuliwa. Kilichobaki cha kwangu peke yangu ni saa moja jioni.

Ikifika, natoka nyuma ya jiko, nakaa kwenye kigoda. Natoa kahawa mfukoni, napasua. Kuku wa Koku wanakuwa wanapanda kwenye mparachichi kulala, wanasukumana, jogoo anapanda mwisho kama bwana. Nakula punje yangu polepole. Nakuona unatoka kibanjani na panga, unanawa miguu, unakaa kwenye kiti chako, na changu kiko wazi pembeni.

Velediana alinikuta hapo siku moja.

"Mukecuru, uko na nani hapa peke yako?"

"Niko na mume wangu."

Akatazama nyuma ya jiko, akatazama hata juu ya mti. "Yuko wapi?"

"Kaisho. Tunakula kahawa. Kila siku saa moja."

"Lakini sasa ni saa kumi na mbili."

"Ya kwako," nikamwambia.

Tangu simu ya Ma Justa, ile punje naitafuna haina ladha. Nakaa pale naongea na kiti kitupu. Ndiyo sababu naandika, Baba Koku. Koku ananiomba nibaki mpaka mtoto atembee. Nitabakije? Nikikaa huku mpaka Mugisha atembee, huko Bi Salma atakuwa ameshahamisha sufuria zangu.

Barua niliiacha hapo jana, mkono umechoka na macho yana maji ya moshi. Ni moshi. Leo asubuhi Deo amepiga simu kutoka Zambia, wanapakia mzigo kwenye lori kule Ndola.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Umeongea na baba yako?"

"Jumapili. Mbona sauti hiyo?"

Nikamwaga yote, benchi, chai, senene, sahani ya maua. Unamjua Deo, anacheka kabla hujamaliza. Leo hakucheka. Akasema, "Mama, kosa ni langu."

"Wewe umeingiaje?"

"Ulipoondoka tu nilimwambia baba kwamba Rwanda saa iko nyuma. Nikamwambia, mama akisoma saa moja jioni, wewe hapo ni saa mbili. Akaniuliza mara tatu, akanielewa. Basi kila siku saa moja yake inapita, hali kahawa, anakungojea."

"Ananingojea mimi?"

"Nani mwingine? Anataka mle pamoja. Anasema mwenye safari ndiye anayefuatwa."

"Na kwa Bi Salma anangojea nini?"

"Saa, mama. Redio haina betri. Na simu yake si unaijua? Akiwa kibanjani inashika mnara wa Rwanda, akipanda barabarani inashika wa kwetu, saa inaruka mbele na nyuma kama mbuzi. Haiamini. Kwa Bi Salma kuna saa ya ukutani. Na hata akisinzia, adhana ya isha ikilia Bi Salma anafunga duka akaswali, baba anajua imefika, anakwenda nyumbani kupasua kahawa gizani. Ameniambia mwenyewe." Halafu akaniuliza, "Sasa wewe mama unakula saa ngapi?"

"Saa moja."

"Ya wapi?"

"Ya Kaisho! Ya wapi nyingine?"

Hapo ndipo alipocheka, mpaka nikasikia wenzake wanamuuliza kuna nini. "Mama," anasema, "Msumbiji, Malawi, hapa Zambia, Kongo ya Lubumbashi, Burundi, mpaka hapo ulipo, watu wote hao wanasoma saa moja ile ile. Ndani ya nchi zote hizo ni wewe peke yako unasoma ya Kaisho."

"Basi nchi zote hizo zina shida," nikamwambia, nikakata simu.

Nikakaa. Baba Koku, sisi ni watu gani? Wewe umeiacha saa yako ukaja kwenye yangu, mimi nimekataa ya huku nikabaki kwenye yako. Kama watu wawili wanaotafutana, kila mmoja amekwenda kugonga nyumbani kwa mwenzake. Mimi nikipasua, wewe uko dukani unanyweshwa chai. Wewe ukipasua, mimi niko ndani namwosha Mugisha, wala sina habari. Jioni zote hizo kila mtu alikula na kiti.

Karatasi ya jana sichani. Usifikiri sasa nakuomba radhi. Yasome yote ya juu, yana ukweli wake, na mengine nayaongeza hapa.

La kwanza. Mzee wa kanisa la Kilutheri, unangoja adhana ndiyo umkumbuke mkeo? Mchungaji anajua?

La pili. Saa ya ukutani nimekubali. Chai ya tangawizi nayo inaonyesha saa? Senene nao wanaonyesha saa? Mtu akitaka kuangalia saa anainua macho, anaangalia, anakwenda zake. Haketi akanenepa.

La tatu. Kumngoja mke ni kazi nzuri, nimesikia, nimeiweka moyoni, sitakwambia imekaa wapi. Lakini mke hangojewi kwenye baraza ya mjane! Nyumbani huna benchi? Saa nzima ya jioni, ile ambayo mtu anasema habari za siku yake, ng'ombe kafanya nini, nani kapita, anaipata Bi Salma ikiwa ya moto. Mimi nikibahatika Jumapili kwenye simu, napata makombo. Hiyo ndiyo inayonichoma. Isingekuwa hata senene.

Na la nne ndilo kubwa. Mdomo wa Bi Salma ulikuwa unatafuna nini?

Basi sikia nitakavyofanya. Mama wa vitenge anayekuletea barua hii atalala Kaisho, halafu anarudi huku. Mpe kopo la punje zangu. Lifunge kwa kitambaa, fundo lako lile la kamba ya ng'ombe, nalijua, hakuna mwingine anayelifunga. Nitaliweka kopo lako na langu pamoja na nitayatikisa. Magoti yameisha lakini masikio bado. Yakilia sawa, namwambia Koku nabaki mpaka Mugisha atembee, na ninaanza kazi ya kumfundisha mgongo wa bibi yake halisi. Likilia jepesi la kwako, gari la kwanza la asubuhi ni langu, na nikifika sitapita nyumbani, nitashukia dukani.

Msalimie dada yako Ma Justa, mwambie namshukuru na aendelee kununua chumvi. Msalimie mchungaji, lakini usimsomee barua. Jirani mwenye mbuzi nimemtaja, msalimie hivyo hivyo. Wifi yangu mdogo wa Kimuli akija kuvuna, asilale chumba changu, alale kile cha wageni, blanketi liko ndani ya sanduku la bati. Na Bi Salma msalimie. Salamu moja tu, ukiwa umesimama.

Redio inunulie betri. Halafu saa zote uziache, ya ukutani, ya simu, na hii ya Deo nimeivua nimeitia mfukoni mwa begi. Nimetazama vizuri: jua linalozama nyuma ya jiko la Koku ndilo hilo hilo linalozama nyuma ya migomba yetu, na kuku wa Rwanda hawapandi kulala baada ya kuku wa Kaisho. Hawajaambiwa habari za mto.

Ni mimi mkeo, mwenye kile kiti cha pembeni,

Mama Koku

Leo hii hii, ukimaliza kusoma, toa kiti changu nje, kaa na chako, kuku wakianza kupanda pasua kahawa. Na punje yangu weka kwenye kopo, funika, usimpe mtu.